Aliyechomelea Apande Kwanza

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme neno. Nikasimama na soda yangu mkononi, nikasema asanteni, nikakaa. Mkacheka. Najua mlitegemea hotuba, lakini mdomo wangu haujazoea kusema mbele ya mafundi waliooga. Nimeona afadhali niandike, mtasoma mkiwa mnasubiri spea, maana kusubiri spea ndiyo nusu ya kazi yetu.

Vyeo siandiki. Nilivipata, vikaisha. Mshahara niliula, hauna historia. Nitaandika miaka ya mwanzo, ile ya hamsini, kwa sababu naona siku hizi mnavyozikata pikipiki. Mnarefusha uma wa mbele, mnainua usukani mpaka mwenye pikipiki anakaa kama mtu aliyening'inia kwenye tawi, halafu mnaniuliza, mzee, umewahi kuona kitu kama hiki? Nimewahi. Nilikaa juu yake katikati ya maji ya mto Lumemo, na kusema kweli nilikuwa naogopa kufa.

Karakana yenyewe ilikuwa Mlabani, banda la mabati lisilo na ukuta upande wa barabarani. Mwenye mali alikuwa Bwana Jamali, ambaye sote tulimwita tajiri. Alikuwa na malori mawili ya kubeba mpunga na pamba, na subira hakuwa nayo. Fundi mkuu aliitwa Remigi, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mfupi, mabega mapana, aliyejifunza kuchomelea jeshini wakati wa vita. Mimi nilifika pale nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke, nikitokea kwenye kazi ya kuvuta kamba ya pantoni, na nilidhani ufundi wa magari ni kukaza nati.

Siku ya kwanza Remigi alinipa kipande cha chuma na tupa, akaniambia nikisugue mpaka kiwe na pande sita zilizo sawasawa. Nilisugua mpaka viganja vikachubuka. Jioni alikipapasa kidogo, akakitupa kwenye debe la vyuma chakavu, akasema, kesho anza kingine. Nilitamani kumpiga. Kesho yake akanipa tupa nzuri kuliko ile ya jana, nikaelewa kwamba nimepokelewa.

Magari ya siku hizo yalikuwa na ujanja wake, na wenye magari walikuwa na ujanja zaidi. Liliwahi kuletwa lori kutoka Sanje ambalo mwenyewe alilinunua kwa kuwa difu yake, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa kimya kabisa. Baada ya muda mfupi ikaanza kulia kama paka. Tulipoifungua tukakuta ndizi. Muuzaji alikuwa amejaza ndizi mbivu mle ndani, maana ndizi hunyamazisha meno yaliyolika kwa muda wa kumtosha mtu kupokea chake na kutokomea. Remigi alizinusa, akasema hata ndizi zenyewe hazikuwa za maana.

Jambo kubwa katika bonde letu lilikuwa maji. Masika yakifika, barabara inakuwa mto na mto unakuwa bahari. Dereva wa Morogoro akija na gari lake la kupendeza, anaingia kwenye maji kwa mwendo, feni inarusha maji kwenye nyaya za moto, gari linazima, yeye anapanda juu ya bodi kuita watu. Dereva wa kwetu anasimama kwanza ukingoni, anavua mkanda wa feni, anapaka grisi kwenye nyaya, ndipo anaingia taratibu. Halafu wapo waliosahau kuurudisha mkanda baada ya kuvuka, wakaichemsha injini mpaka ikakwama. Kosa hilo nadhani halipatikani nchi kavu. Tulilirekebisha kila masika, na kila mara mwenye gari aliapa kwamba mkanda ulirudishwa, labda umeanguka wenyewe.

Sasa niwaambie sheria ya Remigi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa lililotokea. Sheria ilikuwa hivi: ukifunga breki za gari, unakaa ndani ya gari hilo mteremko wa kwanza. Ukichomelea kitu, unakipanda wewe kabla ya mwenye nacho. Jeshini aliona mtu akifa kwenye gari lililochomelewa na mwingine, na yule mwingine alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai. Kwa hiyo pale Mlabani ilikuwa, aliyechomelea apande kwanza, na hakuna kubadilishana. Mimi mwenyewe nilishuka milima ya Mahenge ndani ya lori nililolifunga breki kwa mkono wangu, nikasali rozari ambayo sikuwa naijua vizuri. Breki zilishika. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga breki huku nawaza chakula.

Alikuwapo pia Gaspari. Huyu alikuwa dresa, mfunga vidonda, kijana mpole mwenye sauti ndogo. Mapadri walimpa pikipiki kuukuu ya jeshi ili avuke Lumemo kwenda vijiji vya ng'ambo, ambako watu wenye vidonda sugu walikuwa wanamsubiri. Kiangazi alikwenda vizuri. Masika pikipiki ile haikufaa kitu. Tope jeusi la mbugani lilijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na ekzosi ilikuwa chini, ikawa inakunywa maji. Mara ya mwisho walimrudisha begani, yeye na pikipiki yake, na dawa zote zimelowa.

Remigi aliizunguka ile pikipiki akaishika kila mahali, halafu akasema tuikate.

Tuliikata. Madigadi tulitupa. Ekzosi tuliipandisha mpaka usawa wa bega, tukaizungushia kamba ya katani isimuunguze mtu paja. Usukani tuliutengeneza kwa bomba la maji. Unajaza mchanga mkavu ndani ya bomba, unaziba ncha, unalipasha moto, unalikunja polepole, nalo halibonyei. Ulipokamilika ulikuwa mrefu hivi kwamba Gaspari angeweza kuendesha akiwa amesimama wima, maji yakifika magotini. Tairi la nyuma tulilivisha mnyororo. Kazi kubwa ilikuwa uma wa mbele. Remigi alitaka miguu yake miwili irefushwe zaidi ya mkono mmoja, ili gurudumu la mbele litangulie mbali, lipande tope badala ya kulichimba. Alikata miguu yote miwili, akaongeza mabomba, na viungo vyake alitaka kuviunga kwa shaba.

Ilikuwa mbaya kutazama, nisiwadanganye. Watu walisimama barabarani kuicheka. Tuliiita Korongo, kwa ile miguu.

Tajiri hakuipenda. Alisema tunachezea mali ya mapadri, na jina litakaloharibika ni lake. Akatuambia waziwazi kwamba amepata habari za fundi mchomeleaji wa Morogoro, mwenye cheti, na kwamba Korongo ikizama Lumemo yule wa Morogoro atakuja na Remigi ataondoka. Remigi alikuwa na mke na watoto wanne pale Kibaoni. Alichukua msumeno akaendelea kukata.

Wakati huo kulikuwa na jambo nililoliona bila kulijua. Karibu mwaka mzima Remigi alikuwa na namna mpya ya kunifundisha. Akiwasha moto wa gesi ananisimamisha karibu yake na kuniuliza, chuma kina rangi gani? Nasema, nyekundu iliyoiva. Na sasa? Sasa kinaelekea njano. Shaba imezunguka? Imezunguka, bado upande wa chini. Naye anaongeza upande wa chini. Akitaka spana, ananiambia nimsomee namba kwa sauti ili izoee kichwani. Nilijivuna sana. Nilimwambia mke wangu kwamba Remigi ananiandaa kuwa fundi mkuu, maana hakuna mwingine anayeulizwa maswali vile.

Mguu wa kushoto wa uma tuliuunga pamoja hivyo, yeye anauliza, mimi najibu. Ulitoka safi. Kabla hatujaanza wa kulia, tajiri akanituma Kibaoni nikasubiri lori lililokuwa linaleta chupa ya oksijeni, kwa sababu yetu ilikuwa inakaribia kwisha. Nilisubiri mpaka jua likageuka. Lori halikuja, lilikuwa limezama kwenye tope huko Sanje. Niliporudi nikamkuta Remigi ameshaunga mguu wa kulia peke yake kwa gesi iliyobaki, ameupiga tupa na kuupaka rangi nyeusi. Nikamwuliza mbona hakunisubiri. Alisema gesi ilikuwa inakufa, akaona amalizie.

Kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kuvuka. Tajiri na Gaspari walitangulia kwa mtumbwi na sanduku la dawa, wakasubiri ng'ambo. Mpango ulikuwa Remigi avushe Korongo mbele ya macho ya tajiri, halafu Gaspari aipokee pale pale, afunge sanduku lake na kuendelea na safari. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekaa wiki nyingi bila dawa.

Mimi nilibaki na Remigi ukingoni upande wetu, nikakagua kila kiungo kama alivyonifundisha. Mnaijua dawa hiyo. Unapaka mafuta ya taa kwenye kiungo, unafuta, unapaka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mguu wa kushoto chaki ilibaki nyeupe. Nikaukwangua rangi wa kulia, nikapaka, nikafuta, nikatia chaki, nikasubiri. Upande wa chini ukajichora mstari mweusi, robo nzima ya bomba. Shaba haikufika pale hata tone.

Kosa lile halikuwa la Remigi. Namaanisha, Remigi niliyemjua mimi asingeacha robo ya kiungo ikiwa kavu, hata akiwa na homa.

Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini. Alipeleka kidole gumba pale, akakipitisha polepole, akakirudisha.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu."

"Basi."

Nikamwambia si basi. Nikamwambia tuwaite wale warudi, tuseme oksijeni imekwisha, uma haujakamilika, tungoje lori. Watu wangapi wameshindwa kwa kukosa gesi, hakuna aibu hapo. Akatikisa kichwa. Alisema tajiri atakuja kukitazama hicho kiungo, na atauliza swali moja tu, kwamba fundi alikiachaje wakati kiko wazi hivi.

Hapo ndipo yote yalinijia kwa mara moja, rangi ya chuma, namba za spana, maswali yote yale.

"Fundi, unaona?"

"Naona mwanga," akasema. "Nakuona wewe kama gunia lililosimama."

Nilikasirika, vijana. Nawaambia kweli, sikumhurumia kwanza, nilikasirika. Nilimwambia anataka kufa mbele ya watu kwa ajili ya nini? Kwa pikipiki? Akanijibu kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapima. Alisema yule Gaspari asingepanda kitu hiki kabla yake, na hilo ndilo la maana. Kama uma utavunjika, uvunjike chini ya aliyeuchomelea. Kama utafika, atautengeneza upya oksijeni ikija, na mimi nikiwa pembeni yake, na watoto wake watakula. Nikamwuliza utaendeshaje hali huoni jiwe wala shimo? Akasema Lumemo anaijua.

Lumemo ya kiangazi, sawa. Lumemo ya masika haimjui mtu.

Nilikuwa na njia mbili mbele yangu. Nikipiga kelele, tajiri atasikia kutoka ng'ambo, na kazi ya Remigi imekwisha siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, labda namsindikiza kaburini. Nikachukua ya tatu, ambayo haikuwa nzuri sana. Kwenye kikapu cha vifaa nilikuwa na vipande viwili vya springi chakavu ya lori. Nilivibana pande mbili za ule mguu wa kulia, nikazungusha waya, nikaukaza kwa koleo mpaka ukalia. Nilimfunga Korongo gango, kama mganga anavyomfunga aliyevunjika mguu. Juu yake nikazungushia kipande cha gunia. Halafu nikamwambia Remigi kwamba kiti cha nyuma ni changu.

Alisema sheria hainihusu, mimi sikuchomelea.

"Kuna mguu mmoja niliouona mimi," nikamwambia. "Panda."

Akapanda. Nami nikapanda nyuma yake, nikamshika kiunoni, kidevu begani kwake, mdomo kwenye sikio. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa, na vijana wao wakaanza kutupigia vigelegele, wakituita bwana na bibi harusi. Sikuweza hata kuwatukana. Remigi akaiwasha, ikanguruma, moshi ukapita juu ya vichwa vyetu, tukaingia majini.

Mwanzoni maji yalikuwa kwenye vifundo. Nikawa nasema, nyoosha, nyoosha, kushoto kidogo, basi, nyoosha. Alikuwa anatii kabla sijamaliza neno. Yakafika magotini, baridi, mekundu kwa udongo, na nguvu yake ilikuwa ya kusukuma kwa upande, taratibu lakini bila kuacha. Jiwe, nikasema, kulia. Akalipita. Gurudumu la mbele lilikuwa mbali kiasi kwamba lilishuka shimoni na kupanda ng'ambo ya shimo kabla sisi hatujafika, na nikaona, hata katika hofu ile, kwamba alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Kitu kile kilitembea kwenye maji kweli.

Karibu katikati akageuza kichwa kidogo.

"Umelegea," akasema.

Mimi sikuwa nimeona chochote. Yeye aliusikia kwa viganja, kupitia usukani. Waya wangu ulikuwa umeanza kuachia.

Kurudi tusingeweza, kugeuza mahali pale ni kujilaza ubavu kwa mto. Nikamwambia zimebaki kama hatua za kuvuka uwanja wa kanisa. Ndipo nikaliona gogo. Lilikuwa linatoka juu, mti mzima na mizizi yake, linazunguka polepole, linakuja moja kwa moja mbele yetu. Nikasema simama. Akasimamisha, injini inanguruma, klachi mkononi, miguu yetu yote minne ikitafuta chini. Maji yalikuwa kwenye mapaja. Vigelegele ng'ambo vikakoma. Gogo likaja, shina likapita mbele ya gurudumu kwa nafasi ya shubiri, nikashusha pumzi, na mzizi mmoja uliobaki nyuma ukaushika uma mguu wa kulia.

Nilisikia chuma kikilia chini ya maji. Usukani ukavutwa upande mmoja. Remigi aliushikilia kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imesimama. Mimi nilikuwa nasema Mama Maria, Mama Maria, wala sikuwa namwelekeza tena. Mzizi ukateleza, ukaachia, gogo likaenda zake.

"Kaa nyuma kabisa," akasema. "Mwisho wa kiti. Ujilaze."

Nikajisukuma nyuma mpaka nikakalia chuma. Alielewa kwamba uma ule haubebi tena kitu, basi alitaka uzito wote uwe kwenye gurudumu la nyuma. Akaachia klachi akafungua moto wote. Korongo ikainua pua, gurudumu la mbele likawa linagusa tu maji, mnyororo wa nyuma ukachimba changarawe. Nikampigia kelele sikioni, kulia, kulia, nyoosha, kuna mwinuko, sasa! Tukapanda ukingo kwa kishindo, tope likaruka mpaka kwenye kanzu ya tajiri, tukasimama juu ya majani makavu. Injini ilikuwa bado inawaka.

Watu walishangilia. Walituinua. Tajiri, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mbele ya wafanyakazi, alikuwa anacheka na kupiga makofi, akimwambia kila mtu kwamba hiyo ni kazi ya karakana yake. Yule wa Morogoro alikuwa ameshasahaulika. Nikatazama uma. Gunia langu lilikuwa limeloa tope, limeganda, limefunika kila kitu. Mguu ulikuwa umepinda kidogo ndani ya gango, lakini usingejua kama hukuambiwa.

Gaspari akaja na sanduku lake la dawa. Alikuwa amejawa na furaha kama mtoto, anamshukuru Remigi, ameshaanza kuzungusha kamba kulifunga sanduku nyuma ya kiti. Alisema akiondoka sasa atafika kijiji cha kwanza kabla ya chakula cha mchana. Nilitazama njia aliyokuwa anaielekea. Ilikuwa na mifereji mitatu ya maji kabla ya kupotea kwenye matete.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba nitasema, liwalo na liwe. Remigi akaniwahi. Hakuwa anaona sura ya Gaspari, lakini aliisikia kamba ikikazwa.

"Gaspari, usipande."

Gaspari akacheka, akauliza kwa nini.

"Uma haujaungwa vizuri. Nimeuunga vibaya." Kisha Remigi akaongeza, "Sioni."

Tajiri akauliza huoni nini. Remigi akasema haoni, basi, tangu masika ya mwaka jana. Tajiri alimtazama, tope bado liko kwenye kanzu yake. Akauliza taratibu, na kazi zote za mwaka huu je, zile zilizotoka safi?

"Macho yalikuwa ya Otmari," Remigi akasema. "Mwenyewe hakujua."

Otmari ni mimi.

Gaspari alifungua kamba yake, akalitwika sanduku kichwani, akaenda kwa miguu na kijana mmoja wa kumsaidia. Alifika jioni.

Yaliyofuata nitayasema upesi, ili nimalizie siku ile ilipoishia. Oksijeni ilikuja, uma tukaukata tukauunga upya, nikachomelea mimi na nikapanda kwanza mimi, na Gaspari aliiendesha Korongo masika mengi mpaka daraja likajengwa. Fundi wa Morogoro hakuja. Tajiri alimwacha Remigi pale bandani kufundisha watu kupiga tupa na kusikiliza injini, na nafikiri hakufanya hivyo kwa wema tu, maana hakuna aliyesikiliza injini kama yeye. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa ndani ya jicho, haukutokana na moto wa gesi, na hauna dawa. Ninyi miwani vaeni hata hivyo.

Siku ile, baada ya tajiri kuondoka, tulirudi kwa mtumbwi wawili sisi. Remigi aliniomba nimfikishe nyumbani Kibaoni. Alinishika mkono juu ya kiwiko, mchana kweupe, mbele ya watu, na hilo hakuwahi kulifanya. Kumbe kila siku alikuwa anakwenda na kurudi kwa kuhesabu miti na kufuata ukingo wa barabara kwa mguu, kichwa juu, bila kusimama.

Tulipokaribia maduka akaniambia, "Nitajie watu."

Sikuelewa.

"Wanaokuja mbele. Nitajie kabla hawajafika."

Ndipo akanieleza kwamba watu walikuwa wanamsema. Mwaka mzima alikuwa anapita bila kusalimu, si kwamba hataki, hakuwa anajua kuna nani. Wakasema ufundi umempanda kichwani. Wengine wakaacha kufika kwake. Mkewe alikuwa anajua ukweli, lakini Remigi alikuwa amemwapisha asiseme.

Basi nikawa nataja. Mzee wa mashine ya kukoboa. Akasimama, akatoa shikamoo, akauliza habari za wajukuu. Mama muuza samaki. Katekista. Kila mmoja alishangaa, akaitikia, tukaendelea. Safari fupi ile ilituchukua mchana wote, na Remigi hakuruka mtu.

Karibu na nyumba yake nikamwona mama mkwe wake, Bibi Sabina, anakuja na ungo wa mpunga kichwani. Huyu nilimjua kwa ukali. Kumbe alikwishapishana na mkwewe huyu mlangoni mwa kanisa si mara moja, asisalimiwe, na alikuwa amemwambia binti yake akusanye watoto arudi nyumbani, hawezi kukaa na mume anayewadharau wazazi. Nilimtaja kwa sauti ya chini. Mkono wa Remigi ukanikaza.

Aliniachia, akavua kofia, akainama pale barabarani, akielekea kidogo upande usio sahihi.

"Shikamoo, mama."

Bibi Sabina alisimama. Hakuitikia.

"Leo umeniona?" akamwuliza.

"Sijakuona, mama. Nimeambiwa upo."

Bibi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akayatazama macho yake kwa muda. Halafu akautua ungo wake chini, katikati ya njia, akaitikia.